Ushahidi uko kwenye damu zetu

Kwako ndugu yangu Juma,

Salamu kutoka Mwanza. Sisi hatujambo, ila mvua zimekolea na mbu wametuandama. Uliniuliza kama yupo aliyewahi kuona ushahidi wa mageuko ya viumbe, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, ukiacha mifupa ya kale. Basi mifupa tuiache, tuzungumzie damu.

Ugonjwa wa selimundu unaujua. Mtoto akirithi kinasaba chake kwa baba na kwa mama, chembe zake nyekundu zikipungukiwa oksijeni hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Maumivu yake uliyaona kwa jirani yenu. Zamani wengi walifariki kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Sasa kinasaba kinachoua hivyo, mbona hakijatoweka?

Mwaka 1949 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima huko damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, waliobeba kinasaba hicho kwa mzazi mmoja walifika 20 hadi 30 katika kila watu 100. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika kila 100. Palipokuwa na malaria nyingi, nacho kilikuwa kingi! Mwaka 1954 akatoa maelezo: aliyekirithi kwa mzazi mmoja kwa kawaida haugui selimundu, na malaria kali haimpati kirahisi. Penye mbu, huyo ndiye aliyepona, akakua, akazaa, akakirithisha. Penye baridi hakikumfaa mtu, kikabaki adimu.

Tofauti ya kinasaba hicho na kile cha kawaida ni herufi moja tu ya DNA, yaani maandishi ya kemikali yanayobeba urithi wetu. Kila nikilifikiria hilo nastaajabu. Na si kwetu peke yetu: nchi za Mediterania, ambako malaria ilisumbua karne nyingi, kuna talasemia, ugonjwa mwingine wa damu uliodumu kwa sababu hiyohiyo.

Usidhani basi kwamba mageuko huleta ukamilifu. Kinga hii wanailipia watoto wengine kwa maisha yao, na jambo hilo linaniuma.

Ndiyo maana nakusihi, wewe na mchumba wako mkapime kabla ya ndoa. Mkiwa nacho wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa robo kuzaa mtoto mwenye selimundu. Majibu yakitoka niandikie. Mama mpe shikamoo yangu.

Ndugu yako,
Masanja