Barua ya wazi kwa msimamizi wa matangazo ya mawakili: aliyevaa sare ile ni nani?

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Matangazo, Chama cha Mawakili cha Jimbo letu,
Marekani.

YAH: MATUMIZI YA SARE ZA JESHI NA BENDERA YA TAIFA KATIKA MATANGAZO YA MAWAKILI

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako, na nakuomba radhi kwa kukufikia hadharani badala ya kupitia fomu ya malalamiko ya ofisi yako. Fomu hiyo niliijaza. Nikapokea barua pepe ya kunishukuru kwa imani niliyoonyesha, ikiwa na namba ya kumbukumbu ndefu kama ya injini ya gari, na hadi leo namba hiyo ndiyo jibu pekee nililo nalo. Ningeweza kuendelea kusubiri, kwa kuwa kusubiri ni somo la kwanza mtu analofundishwa jeshini, lakini siku chache kabla ya Novemba 11, Siku ya Maveterani, yaani sisi wanajeshi wa zamani, limepandishwa bango jipya kando ya barabara iendayo hospitali ya maveterani ya mji wetu, na aliyechorwa juu yake ni mtu ambaye wewe na mimi tunamfahamu vizuri sana.

Ni yule yule wa tangazo la mwaka 2023, ambalo nakala yake niliiambatanisha na malalamiko yangu. Wakati ule alikuwa Marine, yaani askari wa kikosi cha wanamaji, aliyeguswa na maji yaliyochafuliwa ya kambi ya Camp Lejeune. Sasa amehamia jeshi la nchi kavu, tena bila shaka kwa kupandishwa cheo, na anawapigania waliogongwa na malori. Kampuni ya uwakili ni nyingine, namba ya simu ni nyingine, lakini uso ni ule ule, tai aliyekunjua mabawa ni yule yule, na bendera inayopepea nyuma yake haijabadilika hata mkunjo. Mimi niliyeendesha malori ya jeshi hilo nchini Afghanistan ningependa sana kumfahamu ndugu huyu, kwa sababu sijawahi kukutana na mwanajeshi mwenye utumishi mpana kiasi hicho.

Niliyaandika haya katika fomu, lakini nayarudia kwa kuwa yaelekea hayakusomwa. Katika video ya 2023 anapiga saluti akiwa kichwa wazi, na begani amebandikwa bendera. Mtu yeyote aliyeishi na Marine, hata kwa mwezi mmoja, anajua kwamba Marine asiyevaa kofia hapigi saluti, na kwamba sare yao ya kazi kwa kawaida haina bendera begani. Kwenye bango jipya wametaka kumfanya askari wa nchi kavu, na hapo pia wamekosea. Bendera ya bega la kulia katika sare yetu hushonwa nyota zikiwa zimetangulia, ili ionekane kama inapepea huku anayeivaa akisonga mbele. Ya bwana huyu nyota ziko nyuma. Anarudi kinyumenyume, Mheshimiwa, na hakuna hata mmoja katika ofisi yenu aliyeliona hilo.

Huenda ukasema kwamba huu ni ushonaji, si sheria. Naomba basi nikueleze ushonaji huu ulivyoigharimu familia yangu.

Dada yangu ni mtoto wa Tanga aliyeolewa na Mmarekani. Shemeji yangu alikuwa Marine, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliishi Camp Lejeune, North Carolina, kambi ambayo maji yake ya kunywa yalichafuliwa na kemikali za kusafishia nguo na vyuma pamoja na mafuta yaliyovuja kutoka kwenye matangi ya chini ya ardhi. Serikali yenyewe inahesabu kipindi hicho kuwa ni kuanzia Agosti 1953 hadi Desemba 1987. Shemeji ana saratani ya figo. Agosti 10, 2022 Rais Biden alitia saini sheria iliyowaruhusu watu wa namna yake, waliokaa pale angalau siku 30, kuidai serikali fidia, na ikatolewa miaka miwili ya kufanya hivyo. Sheria ilikuwa njema. Kilichofuata kilikuwa mafuriko ya matangazo, kwenye televisheni, kwenye simu na kwenye mabasi, usiku na mchana, hadi shemeji akawa anazima televisheni kila aliposikia ngoma za gwaride.

Lililotufikia sisi halikuja kwa Kiingereza. Lilitumwa katika kundi la WhatsApp la Waswahili wa mji huu, likiwa na sauti ya mtu anayesema Kiswahili safi cha redioni: "Uliitumikia bendera, sasa bendera ikutumikie." Chini yake palikuwa na tai ndani ya duara lenye maandishi pembeni, mfano wa muhuri wa wizara. Ndiyo sababu barua hii nimeiandika kwa Kiswahili. Kama kampuni ile ilimpata mfasiri wa kututia mtegoni, naamini ofisi yako nayo itampata wa kuisoma.

Dada alinipigia simu jioni ile akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu mumewe aanze matibabu. "Serikali imetuletea wakili," aliniambia. Naomba usimcheke. Yeye hakuona tangazo la biashara, aliona bendera, muhuri na askari, na kwa mtu aliyekulia kwetu, vitu hivyo vitatu vikikaa pamoja ni karatasi ya serikali, haihojiwi. Nina hakika aliyelitengeneza tangazo alilijua hilo, kwa kuwa wakili anayejitangaza kama wakili hana haja ya muhuri wa duara.

Aliyepokea simu hakuwa wakili. Alikuwa kijana wa kituo cha simu, mpole, aliyemwita shemeji shujaa katika kila sentensi, akauliza ugonjwa, tarehe na namba ya hifadhi ya jamii, kisha akatuma mkataba ambao shemeji aliusaini kwa kidole kwenye kioo cha simu kabla mazungumzo hayajaisha. Mkataba ulimpa wakili asilimia 40 ya fidia. Baada ya hapo ikaja barua kutoka kampuni nyingine, ya jimbo jingine kabisa, ikisema kwamba faili sasa liko kwao. Wanaoijua kazi hii walinieleza baadaye kwamba ndivyo inavyokwenda: kuna wanaokusanya majina na kuyauza, kuna wanaoyanunua na kuyapeleka mbele, na kuna wanaoshika kesi mwishoni, huku waliotangulia wakingoja mgao wao. Shujaa anauzwa mara mbili kabla hajaonana na mwanasheria yeyote.

Septemba 2023 Wizara ya Sheria ya nchi hii ilitangaza wazi kwamba katika madai ya Camp Lejeune ada ya wakili haipaswi kuzidi asilimia 20 pale madai yanapomalizwa bila kwenda mahakamani, na asilimia 25 pale kesi inapokuwa imefunguliwa. Hakuna aliyempigia simu shemeji kumweleza hilo. Vilevile hakuna aliyemweleza kwamba sheria ile ile inaagiza fidia ipunguzwe kwa kiasi cha mafao aliyokwisha kulipwa na serikali kwa ugonjwa huo huo. Wala hakuambiwa jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote, kwamba saratani ya figo iliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya magonjwa ambayo Idara ya Maveterani inayakubali kuwa yametokana na maji yale, na kwamba kuomba mafao hayo hakuhitaji kumlipa mtu hata senti. Mashirika ya maveterani kama DAV, VFW na American Legion yana watu waliosajiliwa wanaojaza makaratasi hayo bure. Wakili anaruhusiwa kutoza ada kwa maombi ya namna hiyo baada tu ya uamuzi wa kwanza kutolewa. Wakati dada anayajua haya, miezi mingi ya mafao ilikuwa imepita bure, na akiba yao ilikuwa imeishia kwenye mafuta ya gari, maegesho ya hospitali na dawa.

Sasa nije kwako, Mheshimiwa.

Ulifika katika ukumbi wa maveterani wa mji wetu, ukala keki yetu, ukapiga picha na wazee waliopigana Vietnam, ukatuahidi kwamba matangazo yanayotumia sare yatapitiwa moja baada ya jingine na kwamba yanayopotosha yataondolewa. Tulikupigia makofi. Wazee wawili walisimama, na mmoja wao kusimama si jambo dogo. Nakukumbusha kwa unyenyekevu kwamba ahadi ile haikuwa na masharti, na kwamba hakuna aliyekuomba uitoe.

Najua jibu litakalotayarishwa. Nitaambiwa kwamba tangu mwaka 1977, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kesi ya Bates dhidi ya chama cha mawakili cha Arizona, tangazo la wakili linalindwa na uhuru wa kusema. Nakubali, wala siombi mawakili wanyamazishwe. Lakini hukumu ile ile iliacha mlango wazi kwa tangazo la uongo au la kupotosha kuzuiwa, na kanuni za maadili za mawakili, kwa mfano uliowekwa na chama chao cha kitaifa, zinamkataza wakili kutoa taarifa ya uongo au ya kupotosha kuhusu nafsi yake au huduma yake. Picha nayo ni taarifa. Askari asiye askari, akisimama mbele ya muhuri usio muhuri, ametoa taarifa mbili kabla hajafungua kinywa.

Kuhusu bendera nitasema machache, ingawa ndilo jambo linalowaudhi wazee kuliko yote. Sheria ya bendera ya nchi hii, iliyopitishwa na Bunge mwaka 1942, inasema bendera isitumiwe kwa matangazo kwa namna yoyote ile. Haina adhabu, ni agizo tu la heshima, na ndiyo maana haiogopwi. Mwaka 1907 Mahakama Kuu ilikubaliana na jimbo la Nebraska lililowaadhibu watu waliouza bia katika chupa yenye picha ya bendera. Tangu hapo sheria ya uhuru wa kusema imekwenda mbali, na sidhani kama hukumu ya aina hiyo ingetoka leo. Hata hivyo nashangaa kwamba muuza bia wa zama zile alihojiwa kwa ukali kuliko anavyohojiwa leo wakili, mtu aliyeapa kuilinda Katiba.

Kwa nini ofisi yenu imekaa kimya? Nimelifikiria sana, na kwa kuwa sijibiwi, inanibidi nikisie. Huenda wafanyakazi ni wachache. Katika majimbo kama Texas na Florida mawakili hutakiwa kuyawasilisha matangazo yao mengi kwenye chama ili yakaguliwe, ilhali kwetu inaonekana hakuna anayeyasoma hadi raia alalamike. Huenda pia, na hili nalisema kwa tahadhari, ni vigumu kwa kamati ya mawakili kumkemea wakili mwenye mabango mengi mjini kuliko maduka ya dawa. Au huenda mnaona kwamba aliyedhurika ni mke wa mtu, mwenye lafudhi, aliyeusoma mkataba kwa kusaidiwa na mtoto wa shule.

Nisieleweke vibaya. Wapo mawakili waliovaa sare kwa kweli, na wakiandika kwamba walitumikia jeshi, kikosi fulani, mwaka fulani hadi mwaka fulani, hiyo ni haki yao na ni habari ya manufaa kwetu. Tangu mwaka 2013 ipo hata sheria inayomfanya kuwa mhalifu mtu anayejidai kupewa nishani fulani za kijeshi kwa lengo la kujipatia fedha. Bwana wa bangoni hajadai nishani yoyote kwa kinywa chake. Amevalishwa tu. Na hapo ndipo penye ujanja, kwa sababu mwigizaji hasemi uongo, kampuni nayo haijasema neno, kwa hiyo wote ni watu safi, isipokuwa dada yangu aliyeamini.

Nilikuwa nimekusudia kukuletea madai mengi. Nilitaka muhuri ule upigwe marufuku, mikataba ya asilimia 40 ifunguliwe upya, wauza majina wafikishwe mbele yenu, na wewe mwenyewe urudi ukumbini kutueleza. Bado nayataka. Lakini muda wa kufungua madai ya Camp Lejeune ulikwisha Agosti 10, 2024, shemeji yangu hapati nafuu, na nimejifunza kutoagiza chakula kingi mahali ambapo hata maji hayaletwi. Kwa hiyo naomba jambo moja, nalo linaingia katika mstari mmoja wa bango: kila tangazo la wakili linalomwonyesha mtu mwenye sare lieleze, kwa maandishi makubwa sawa na namba ya simu, kama mtu huyo ni mwigizaji, na litaje jina la wakili atakayelishika faili la atakayepiga simu. Tangazo likiwa kwa Kiswahili, maelezo hayo nayo yawe kwa Kiswahili.

Kanuni iliyopo inatosha kuliagiza hilo kesho asubuhi, bila Bunge na bila bajeti mpya. Mkiona haitoshi, niandikieni mnijulishe ni kifungu gani kinachowazuia, nami nitawasomea wazee ukumbini. Nataka jina la mtu, saini na tarehe. Namba nyingine ya kumbukumbu sitaipokea.

Wako mtiifu,

Sajenti wa zamani wa usafirishaji,
Jeshi la Nchi Kavu la Marekani.