Ulizeni daftari, msifunge maabara

Mhariri,

Msomaji wenu aliyetaka majaribio ya mimea yenye isotopu za mionzi (aina za elementi zinazotoa mionzi) yapigwe marufuku Uganda kwa kuwa "ni bomu lililosagwa" alinichekesha, kisha akanisikitisha. Nilikuwa fundi wa maabara miaka mingi kabla ya kustaafu.

Udongo wetu mwekundu una tabia ya kunasa fosforasi. Mkulima ananunua mbolea kwa bei ya kuumiza, anaitia shambani, na nyingi inang'ang'ania chuma kilichomo udongoni badala ya kuingia mzizini. Sasa utajuaje kwamba fosforasi iliyofika kwenye jani la muhindi imetoka kwenye mfuko ule na si ile iliyokuwamo ardhini tangu enzi za babu? Unatia kwenye mbolea fosforasi-32, yaani fosforasi yenye mionzi, kiasi kidogo sana. Mmea hauitofautishi, unainywa kama nyingine. Ila hii ina kelele: sogeza kipimo cha Geiger, kile kinacholia kikikutana na mionzi, kwenye jani changa: tak, tak, tak-tak-tak, shuka kwenye jani kuukuu, sauti inapungua. Mwanakemia George de Hevesy alitumia mbinu hiyo mwaka 1923, kwa risasi (ile metali, ledi) yenye mionzi na mimea ya maharage, kwa hiyo si mambo ya jana.

Hatari ipo, sikatai. Tulikaa nyuma ya ngao ya plastiki nene (si ya risasi, maana risasi ikipigwa na beta kali, chembe zinazorushwa na fosforasi hiyo, hutoa eksirei), na mimea ile hailiwi. Lakini fosforasi-32 hupungua kwa nusu kila siku 14 hivi. Miezi mitano ikipita haibaki hata sehemu moja ya elfu. Kaboni-14, isotopu nyingine ya maabara, ndiyo king'ang'anizi: kupungua nusu huichukua miaka 5,730.

Kilichowahi kunitoa jasho ni chupa niliyoikuta nyuma ya friji ya maabara moja, lebo imefutika, tarehe hakuna, ubavuni pake kibakuli cha matoke ya mtu. Kipimo kilinyamaza, nasi hatukupumua, kwa sababu mionzi dhaifu ya tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi, Geiger haiisikii.

Hapo ndipo pa kukasirikia. Sheria ya Nishati ya Atomiki ya 2008 ilitupa Baraza la Nishati ya Atomiki, linalosimamia matumizi ya mionzi. Ndugu yangu msomaji huyo aliandikie Baraza hilo, aulize: maabara ya jirani yake ina leseni? Daftari la isotopu anaandika nani, na mara ya mwisho ameandika lini?

Fundi mstaafu, Jinja