Kiwakilishi cha Kiingereza hakijifichi ndani ya kitenzi

Kondele, Kisumu

Akinyi mwanangu,

Insha yako ya Kiingereza nimeisoma. Msamiati unao. Kinachokuponza ni viwakilishi, vile vineno vidogo: he, she, it, me.

Unafikiri kwa Kiswahili, na Kiswahili hubeba nafsi ndani ya kitenzi. "Anapika" ni sentensi kamili. Kiingereza hakina kiambishi cha kazi hiyo, kwa hivyo kiwakilishi husimama mbele ya kitenzi: "She is cooking." Hata mvua hupewa it isiyo na maana yoyote: "It is raining." Lakini ukishamtaja mtu, kiwakilishi huondoka. "Nyanya anapika" ina nyanya na ina a-. Ukiihamisha ilivyo utapata "Grandmother she is cooking". Chagua mmoja. "Me I don't know" tunayoisikia kila siku hapa mtaani ni "mimi sijui" iliyovishwa Kiingereza. Kwa matatu itapita, kwa insha haipiti.

Kosa hilohilo limo kwenye virejeshi. "Samaki niliyemnunua Dunga" ina -ye- na -m-, na ni sahihi. Wewe ukaandika "the fish which I bought it". Hiyo it itoe, kwa sababu which imeshashika nafasi yake.

He na she zinakuchanganya kwa kuwa "yeye" haibagui, wala "en" ya Dholuo ya nyanya yako haibagui. Ukimaliza kuandika, rudi ufuate kila he na she kwa kidole mpaka umfikie mwenyewe. Na kwa his na her uwe macho zaidi. Kimilikishi chetu hufuata kinachomilikiwa: kitabu chake, viti vyake. Cha Kiingereza humtazama mwenye mali tu. Kwa hivyo "Otieno and his mother", ingawa mama ni mwanamke.

Kiima (mtenda) na yambwa (mtendwa) ni jozi tano za kukariri: I na me, he na him, she na her, we na us, they na them. You na it hazibadiliki. Mkiwa wawili ndipo mambo huharibika. "The teacher called Achieng and I" ni kosa. Mfiche Achieng kwa kidole, usome: "called I" haisemeki, basi ni me. Vivyo hivyo "between you and me". Watu wazima wenye suti huikosea hiyo wakidhani I ina adabu zaidi.

Ile -ji- yetu huwa myself, himself, themselves. Hisself na theirselves usiziandike. You moja humaanisha wewe na nyinyi, ila hapa hutengana: yourself ni mmoja, yourselves ni wengi. Tena, "wanajipenda" ni "they love themselves", lakini "wanapendana" ni "they love each other". Uliandika ya kwanza ukitaka ya pili, na maharusi wako wakaonekana wenye majivuno.

Mwisho, its ya umiliki haina ritifaa, kile kialama (') cha juu: "The boat lost its sail." It's ni it is au it has iliyofupishwa. Ukurasa wa pili wa insha umezikosea mara tatu. Zitafute mwenyewe kabla sijaja Jumamosi ya kutembelewa.

Mama yako