Kwa vijana wangu mnaolipia magari kwa fedha za tumbaku

Wanangu, mwangaluka.

Nawaandikia ninyi wa Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui na hapa Tabora mjini: mnaochuma tumbaku kwa kibarua, mnaokesha mkichochea moto wa mabani ya kukaushia majani, mnaobeba mabelo, yaani marobota ya tumbaku, siku za soko, kisha mkipata fedha mnashika usukani wa gari la mkopo. Mimi nimekuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima miaka mingi. Madeni ya baba zenu nimeyaandika kwa mkono huu. Nilipostaafu nilidhani nimeshasema ya kutosha, ila niliyoyaona stendi Alhamisi iliyopita yameninyima usingizi.

Nilikuwa nasubiri usafiri wa kwenda shambani. Mchomoko, gari dogo la abiria, ulibakiza abiria mmoja kujaa. Wakaja watu wawili, mmoja akatoa ufunguo mfukoni, akafungua mlango wa dereva, akaketi. Mwenzake akawaambia abiria washuke. Hapakuwa na kelele wala ugomvi. Mama mmoja alishusha mtoto, akashusha na kiroba chake cha mihogo. Dereva, kijana ninayemjua tangu anazaliwa, alikuwa ameshika chupa ya maji aliyokuwa akioshea kioo. Aliomba jambo moja tu: atoe jembe lake na kandambili za mwanawe nyuma ya gari. Wakamruhusu. Gari likaondoka, naye akabaki amesimama na jembe, kandambili na chupa ya maji.

Jioni nilimwita nyumbani, tukakaa na karatasi zake. Bei ya gari kwa fedha taslimu ilikuwa shilingi 15,000,000. Alitanguliza 6,000,000, fedha yote ya tumbaku yake na ya mama yake. Zilizobaki 9,000,000 ziliwekewa riba zikawa 13,500,000, alipe kwa miezi 18, yaani 750,000 kila mwezi. Alianza Julai. Alilipa bila kukosa mpaka Januari, marejesho saba. Februari akakwama, Machi akakwama, gari likachukuliwa. Nilijumlisha mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Ametoa 11,250,000, robo tatu ya bei ya gari, na leo hana hata tairi. Na lile rejesho la Januari alilipa kwa mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kali, ambao hadi sasa unamsubiri mlangoni.

Watu wa stendi wanasema alikuwa mzembe. Si kweli, na nimekasirika kusikia hivyo. Kijana huyu halewi, hachezi kamari, anaamka saa kumi alfajiri. Kosa lake ni moja, na ndilo kosa lenu wengi: alichukua deni la kila mwezi juu ya kipato cha msimu.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mkoa wetu tumbaku ndiyo inayozungusha fedha. Miche inaanza vitaluni katikati ya kiangazi, inahamishiwa shambani mvua zinapoanza, inachumwa na kukaushwa mvua zikielekea ukingoni, na masoko yanafunguka mvua zikishakatika. Mkulima akilipwa, anasafiri, anaoa, anaezeka nyumba, anapeleka mtoto hospitali. Ndiyo miezi ambayo mchomoko unajaa dakika kumi. Ikifika Desemba fedha zimeisha, watu wako mashambani, njia za vijijini ni tope, na mwenye safari anakwenda kwa miguu au anaahirisha. Kwa hiyo usijidanganye kwamba umeacha kibarua cha msimu kwa sababu umepata gari. Gari lenyewe ni kibarua wa msimu. Fundi cherehani ni wa msimu, mama ntilie wa msimu, kinyozi wa msimu. Wote tunachota kisima kimoja, na kisima hicho hukauka mvua zikinyesha.

Aliyekukopesha hilo halimhusu. Tarehe 5 ni tarehe 5, iwe Agosti au Februari. Ninyi mnapiga hesabu mwezi wa nane, gari limejaa, mnasema siku moja naingiza 60,000, nikizidisha mara thelathini deni nitalimaliza. Hiyo ni hesabu ya kiangazi. Nendeni mkapige hesabu hiyo hiyo Februari, gari limenasa matopeni, abiria wawili, mmoja wao hana nauli kamili. Mkiona Februari inabeba rejesho, kopeni. Isipobeba, msikope kwa masharti hayo.

Nasema "kwa masharti hayo" kwa makusudi. Baba zenu walikopa kila mwaka wa maisha yao na wengi walilipa. Mbolea na pembejeo walichukua kupitia chama, deni likakatwa tumbaku inapouzwa. Hakuna aliyewagongea mlango Januari akidai rejesho, kwa sababu kila mtu alijua Januari jani bado liko shambani. Deni lilifuata zao. Lilikuwa na shida zake, na nimeandika majina ya watu ambao mvua ya mawe ilichana majani yao wakabaki na deni bila jani. Lakini kalenda ya deni na kalenda ya kipato zilikuwa moja. Kwa nini msiombe hivyo kwenye gari? Mwambie mkopeshaji: miezi ya soko nitalipa 1,200,000, miezi ya mvua nitalipa 200,000, yaandikwe. Akikataa, basi ujiwekee kihenge mwenyewe. Kabla hujagusa ufunguo, uwe na marejesho manne, 3,000,000 kwa mfano huu, mahali ambapo mkono wako haufiki kirahisi. Kama huna, chukua pikipiki, au subiri msimu mmoja zaidi. Najua kusubiri kunauma. Kunyang'anywa gari mbele ya abiria kunauma zaidi.

Watu wa huku hatukuanza jana kazi za msimu. Karne ya kumi na tisa wapagazi wa Kinyamwezi walishika njia ya Bagamoyo baada ya mavuno, mizigo mabegani, na wengi wakahakikisha wanarudi mvua zikikaribia ili walime. Walijua mwaka una sehemu mbili na kila sehemu ina kazi yake. Baadaye babu zenu walikwenda kwenye mashamba ya mkonge kama manamba, vibarua wa mkataba, wakapewa kipande, kadi ya kugongewa kila siku ya kazi, na mshahara ukasubiri hadi siku thelathini zitimie. Ilikuwa kazi ya dhuluma, siisifu. Ila hata manamba alijua kipande chake kimebakiza siku ngapi. Nimewauliza vijana sita pale stendi wamebakiza marejesho mangapi. Wawili tu walijua.

Sasa niseme na wakubwa wenzangu, maana si haki kuwakemea watoto peke yao. Nani amewafundisha vijana hawa kwamba mtu bila gari si mtu? Ni sisi. Kijana akija msibani na gari tunamtafutia kiti mbele. Aliyekuja kwa baiskeli na kulima ekari tano anakaa nyuma na wapika chai. Mchumba akiletwa, shangazi anauliza, "Ana usafiri?" kabla hajauliza tabia. Na ninyi mnaowaajiri vijana miaka mitano mfululizo mkiwaita vibarua ili wasidai kitu, mjue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Kijana angekuwa na karatasi ya mshahara angekopa mahali penye unafuu. Kwa kuwa hana, anaangukia kwa anayetaka kadi ya simu na kitambulisho tu. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Fomu zake ziwafikie watoto wa vijijini, zisiishie kwa wanaokaa karibu na ofisi.

Mengine nayataja kwa ufupi. Mkopeshaji akuoneshe leseni ya Benki Kuu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu mwaka 2018. Uliza riba inahesabiwa juu ya deni zima au juu ya lililobaki. Uliza faini ya kuchelewa ni kiasi gani kwa siku. Uliza gari likichukuliwa na kuuzwa, kinachozidi deni kinarudi kwa nani, na jibu liandikwe. Tunza kila risiti. Bima, ushuru wa stendi, matairi na oili viingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Usilipe mkopo kwa mkopo. Shamba usiliache, hata ekari moja ya mahindi na karanga itakulisha Februari, ili kidogo unachopata kiende kwenye rejesho.

Na ukiona mwezi unaofuata hautabeba, nenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe, si baada. Katika ukarani wangu nilimwona mkulima aliyekuja siku ya tatu baada ya mvua ya mawe, kashika majani yaliyochanika, akayaweka mezani. Deni lake lilisogezwa mbele. Jirani yake, mvua ile ile, alijificha mpaka siku ya soko. Huyo hakusikilizwa. Najua mnaona aibu. Mnazima simu, mnabadili njia, mnalala kwa rafiki. Wanangu, simu iliyozimwa hailipi deni, inamfanya mwenye mali aje na ufunguo wa akiba.

Yule kijana bado ana ufunguo wake mmoja. Ameuvaa shingoni kwa uzi mweusi. Sikumwambia auvue. Tumekubaliana Jumatatu twende pamoja kwa mkopeshaji tukiwa na risiti saba, tuulize gari litauzwa lini na hesabu yake ikoje.

Ninyi wengine, mwenye mkataba wa gari aje nao kwangu Jumamosi baada ya adhuhuri, tutaketi chini ya mwembe. Leteni karatasi zote, hata zilizoloa. Asiyesoma vizuri asione haya, nitamsomea mstari kwa mstari. Wenye wake, waje na wake zao, kwa sababu hata wao wanalipa deni hilo.

Ni mimi mzee wenu,
karani mstaafu wa chama cha msingi, Tabora