Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wakulima wa Maembe

Ndugu wanachama,

Habari za msimu. Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na barabara ya kuelekea kwenye mzani iko vilevile mlivyoiacha mwaka jana. Kwa hiyo muda wangu nautumia kwa nzi wa matunda anayeharibu maembe yetu.

Mnamjua: wa hudhurungi na manjano, ukimtupia jicho utadhani nyigu mdogo. Asili yake ni Asia. Kenya aligunduliwa mwaka 2003, na punde tukawa naye huku kwetu. Watafiti walimwita kwanza Bactrocera invadens, mvamizi, hadi mwaka 2015 walipokubaliana kuwa ni yuleyule Bactrocera dorsalis wa Asia. Jina likabadilika, hasara ikabaki. Wenzetu wa Kenya walisimamisha wenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014 kwa ajili yake, na kurudi sokoni kukawachukua miaka.

Safari hii kamati ilisema: kabla ya kununua dawa, tumjue mdudu. Tukakutana chini ya mwembe wa mwanachama mmoja, afisa ugani akaokota dodo lililoanguka. Kwa nje zima, ila kitundu kama cha sindano na utomvu uliokauka. Alipolipasua, funza weupe walikuwa wamejaa. Akawamwaga kwenye sahani. Wakajikunja, wakajifyatua, wakaruka nje ya sahani. Mama mmoja akasema, "Kumbe wana haraka!" Akajibiwa, "Wanatafuta udongo, mama."

Hapo wengi tulifunguka macho. Jike hutaga chini ya ganda, funza hukulia ndani ya embe, kisha hujichimbia ardhini sentimita chache, akageuka pupa, yaani hatua ya kati ya funza na nzi, na kutoka nzi mpya. Dawa tunayopuliza majanini haimfikii aliye ndani ya tunda wala aliye udongoni. Maembe yaliyoanguka yaokotwe kila mara, yafukiwe zaidi ya nusu mita, au yafungwe kwenye plastiki nyeusi na kuachwa juani hadi funza wafe.

Nakiri kosa langu. Mwezi Desemba nilikuwa na rundo la maembe ya bolibo yaliyoanguka nyuma ya banda, namsubiri kijana wa kuchimba shimo. Likakaa wiki mbili. Jirani yangu anajua kilichotokea shambani kwake, na nimemwomba radhi.

Kuhusu mitego, tusidanganyane. Methili eujenoli, kivutio cha harufu tunachotia kwenye chupa za mitego, huvuta madume tu. Wapo walioona chupa imejaa nzi wakashangilia, wakaacha kuokota maembe. Dume mmoja aliyebaki hupanda majike wengi, kwa hiyo chupa iliyojaa inakuambia kwanza kwamba nzi wapo. Jike naye ana njaa yake: bila protini mayai yake hayakomai. Ndiyo maana chambo cha protini kilichotiwa sumu kidogo hupulizwa sehemu moja tu ya mti, yeye akakifuata mwenyewe. Duka fulani lilituuzia vivutio vilivyokwisha nguvu, na fedha hatukurudishiwa. Msimu ujao tununue kwa pamoja, na tukague tarehe kabla ya kulipa.

Suala la majimoto, wale sisimizi wanaoshona majani ya miti kuwa viota, limeigawa kamati. Wachumaji wanang'atwa, wanataka viota vichomwe. Siwalaumu, nami nimewahi kushuka mtini bila kutumia ngazi. Lakini utafiti wa Benin ulionyesha kuwa miembe yenye majimoto hupata nzi wachache, na kwamba harufu wanayoiacha kwenye tunda humfanya jike asite kutaga. Zanzibar nako walichunguzwa tangu miaka ya 1950 kwa kuwazuia wadudu wanaoangusha vidaka vya minazi. Mimi nasema waachwe, tuvune asubuhi na mapema wakiwa bado wazito, na wachumaji waongezwe posho kidogo.

Leo tutapiga kura kuhusu mawili: ununuzi wa pamoja wa vivutio, na faini kwa mwanachama atakayeacha maembe yaozee chini ya mti. Hilo la pili najua litaanza na mimi. Shimo langu limekwisha chimbwa, karibuni mlione.

Mwenyekiti wenu