Herufi za miraba zisivutwe

Ndugu Mhariri,

Mabango ya sikukuu hapa mjini yameanza kujaa herufi za miraba, zile nene za michezo ya video ya zamani. Hatuna ugomvi nazo. Hata mtia maandishi kwenye mkeka wa ukili hupandisha herufi kwa ngazi hivyo hivyo. Ugomvi wetu ni kuvutwa.

Chukua fonti (seti ya herufi za kompyuta) ya Press Start 2P, ambayo ni ya bure hata kwa kazi ya biashara na imefuata herufi za mashine za Namco za miaka ya 1980. Kila herufi ina kisanduku cha nukta, yaani vimiraba vidogo vinavyoijenga, 8 kwa 8. Yenyewe hukaa kwenye 7, safu inayobaki ndiyo pengo. Mistari ya kusimama ina unene wa nukta 2, ya kulala 1. Ukiivuta ijaze upana wa bango, ya kusimama inavimba, ya kulala inabaki ilivyo, na neno halisomeki kutoka upande wa pili wa barabara.

Dawa ni kuhesabu kabla ya kufungua kompyuta. KARIBU FORODHANI, pamoja na nafasi, ni visanduku 16, yaani nukta 128. Kwa bango la mita 3.2, ipe kila nukta sentimita 2: maneno yatakula sentimita 256 na herufi zitasimama sentimita 14. Safu ya mwisho ni tupu, kwa hiyo sogeza maneno yote sentimita 1 kulia, la sivyo yataonekana yameegemea kushoto. Ukitaka kivuli cha nukta moja, kitameza pengo lote. Ongeza nukta moja baada ya kila herufi. Nafasi ipo.

Kiswahili kina mtego wake. Andika NG'AMBO uone: kile kialama cha juu kimepewa kisanduku kizima, neno linakatika kama maneno mawili. Rudisha AMBO nyuma nukta 3 au 4, nzima nzima, kamwe si nusu.

Kazi isitumwe kama picha ya WhatsApp. Hubanwa, na kingo za miraba huota ukungu. Tuma PDF, herufi zikiwa zimegeuzwa michoro. Kwa stika za kukata, unganisha kwanza miraba yote ya herufi iwe umbo moja. Inayogusana kwa ncha tu huachana fundi anapobandua. Kwenye skrini tumia saizi 8, 16, 24 na kuendelea kwa nane nane.

Namba ya simu na anwani ziandikwe kwa fonti ya kawaida. Na Bismillahi ya Kiarabu mwachieni mwandishi wa khati: fonti hii haina herufi hizo, kompyuta huchomeka nyingine kimya kimya.

Waandika mabango,
Mkunazini, Unguja