Runinga kubwa isitundikwe kwenye plasta, na plagi yake isifichwe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wako wa Mwanza, hasa wanaonunua runinga za inchi 55 kwenda juu na kuahidiwa dukani kwamba fundi atakuja kufunga bure. Runinga ya inchi 55 ina kilo 14 hadi 18 hivi, ya inchi 65 ina kilo 20 hadi 25, na ya 75 mara nyingi hupita 30. Ukuta wa tofali zima unabeba mzigo huo bila shida yoyote. Lakini kuta nyingi haziubebi hata kidogo, kwa sababu mzigo umeishia kwenye plasta.

Hesabu yake ni fupi. Skrubu zinazokuja ndani ya boksi la stendi ya ukutani kwa kawaida zina urefu wa milimita 50 au 60. Plasta ya nyumba zetu ni milimita 15 hadi 25, na pale ukuta ulipopinda fundi mwashi huijaza zaidi ili kuunyoosha. Ukitoa plasta na unene wa chuma cha stendi, tofali linaweza kubakiwa na milimita ishirini na kitu tu za skrubu. Fisha, yaani kile kipande cha plastiki kinachotangulia tunduni, inatanuka ndani ya plasta, nayo plasta inapasuka na kubanduka kama ganda. Runinga inaweza kukaa miezi hivyo hivyo, kisha siku mtu akiivuta kidogo achomeke waya, inashuka na kipande cha ukuta.

Kwa hiyo nunua mwenyewe skrubu za milimita 8 zenye urefu wa 80, na fisha za milimita 10. Toboa kwa biti ya drili ya milimita 10 hadi kina cha milimita 90. Funga utepe kwenye biti uwe alama ya kusimamia. Pulizia vumbi lote litoke, maana fisha iliyokaa kwenye vumbi huzunguka pamoja na skrubu. Kisha igonge fisha ipite plasta, iingie yote ndani ya tofali.

Tofali nalo lipimwe. Sote tunajua kuna wafyatuaji wanaovuta mfuko mmoja wa saruji utoe tofali nyingi kuliko unavyostahili. Toboa tundu moja la majaribio, kwa biti ya milimita 6, mahali ambapo runinga itafunika. Drili ikihitaji kusukumwa na unga ukatoka laini wa kijivu, endelea. Biti ikizama kama kwenye mchanga na zikamwagika chembe za mchanga, fisha haifai, na bolti ya chuma inayotanuka haifai zaidi, kwani nguvu yake ya kutanuka italivunja tofali lenyewe. Ukuta wa namna hiyo unahitaji bolti zinazotokeza upande wa pili, zikazwe kwa nati juu ya kipande cha bati nene au chuma bapa. Kama upande wa pili ni chumba cha jirani, weka runinga kwenye meza nzito na uifunge kwa mkanda ukutani isipinduke. Kwenye tofali za kuchoma, zima kitendo cha kugonga cha drili na ulenge katikati ya tofali, usitoboe kwenye maungio. Vibanda umiza vya mbao, vile vya kuonyeshea mpira na video, navyo vina kanuni yao: skrubu ziingie kwenye mbao za mbili kwa nne zilizosimama, kamwe zisiingie kwenye ubao wa kuzibia peke yake.

Stendi zenye mkono wa kuvuta nje naziogopa, na nataka wasomaji waziogope pia. Chukua runinga ya kilo 25. Ikilala karibu na ukuta, uzito wake ukiwa sentimita 6 tu kutoka ukutani, na safu ya juu ya skrubu ikiwa sentimita 20 juu ya ile ya chini, skrubu za juu zinavutwa kwa nguvu ya kama kilo 7 na nusu. Ivute kwa mkono hadi sentimita 50, na skrubu zile zile zinavutwa kwa kilo 62 na nusu, kabla hujahesabu uzito wa mkono wenyewe. Kama ukuta wako una shaka, chukua stendi bapa.

Skrubu za nyuma ya runinga pia zinaharibu mali za watu. Runinga kubwa nyingi hutumia za milimita 6 au 8, ila kina cha matundu hutofautiana. Ingiza njiti tunduni upime kina kabla ya kuchagua urefu. Skrubu ndefu kupita kiasi inaweza kuharibu sakiti au kioo kwa ndani. Fupi mno inashika nyuzi mbili tatu tu. Ikigoma kuzunguka kwa vidole, simama, usiilazimishe kwa drili. Stendi ikishafungwa na kunyooshwa kwa pimamaji, ining'inie kwa mikono yako miwili kabla ya kupandisha runinga. Wapandishaji wawe wawili, na zile skrubu ndogo za chini zinazozuia runinga kuchomoka kwenye ndoano zikazwe. Mafundi wengi huziacha kwenye mfuko.

Urefu je? Katikati ya kioo pakae sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya aliyekaa kwenye kochi. Runinga ya inchi 55 hapo itakuwa na ukingo wa chini kwenye sentimita 70 hivi, na soketi ya chini ya ukuta iko karibu kabisa. Waya wa umeme unafika wenyewe bila kuungwa. Wanaoitundika karibu na dari wanaumiza shingo na kujizulia kazi ya nyaya.

Hapo kwenye nyaya ndipo ninapowasihi mafundi wenzangu. Kuukata waya wa runinga, kuupitisha kwenye mfereji uliochongwa ukutani, kuuunga kwa selotepu na kuupiga plasta juu ni kosa. Ule ni waya laini wa nje, hauna kinga dhidi ya msumari, na kiungo kikilegea hupata moto mahali pasipoonekana. Tumia mfereji wa plastiki wa kubandika ukutani, wenye kifuniko, uliopakwa rangi ya ukuta. Ukitaka umeme upite ndani, basi fundi mwenye leseni ya EWURA avute nyaya za milimita 2.5 za mraba ndani ya bomba lake na kuweka soketi kamili. Plagi ya pini mbili isisukumwe kwa kijiti kwenye soketi ya matundu matatu. Italegea na kuungua. Badilisha kichwa, weka fyuzi ya ampea 3. Runinga ya wati 200 haifikishi hata ampea 1.

Na plagi ifikike kwa mkono. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na dhoruba zake hupenda usiku. Milima yetu ya mawe, kuanzia Igogo hadi Mabatini, ina udongo mwembamba juu ya mwamba, kwa hiyo fimbo ya ethi, ile ya kupeleka umeme ardhini, mara nyingi haishuki inavyopaswa. Radi inaporindima, kuzima kwa rimoti hakusaidii, na hata swichi ina mwanya mdogo ambao umeme wa radi unauruka. Kinachosaidia ni kuchomoa plagi mapema, pamoja na waya wa dishi kwenye king'amuzi, kabla dhoruba haijafika. Aliyezificha nyuma ya kilo 25 za kioo hawezi kufanya hivyo usiku wa manane.

Anayejenga sasa Buhongwa au Kisesa ana nafasi ambayo sisi wengine hatuna. Kabla ya plasta, mwambie fundi aweke bomba la inchi moja na nusu lililosimama wima, kutoka usawa wa runinga hadi usawa wa kabati, kwa ajili ya HDMI na dishi. Kichwa cha HDMI kina upana wa milimita 20 hivi, hakipiti kwenye bomba la kawaida la umeme. Nyaya za umeme ziwe na bomba lao. Kina cha mfereji wa wima unaochongwa ukutani kisizidi theluthi ya unene wa ukuta, na cha ule wa kulala kisizidi sehemu moja ya sita, la sivyo unaudhoofisha ukuta wenyewe. Acha kamba ndani ya bomba ya kuvutia nyaya baadaye, na piga picha ya ukuta ukiwa na futi ya kupimia pembeni, ili siku ya kutoboa mjue bomba limepita wapi.

Fundi umeme wa majumbani,
Nyegezi, Mwanza